Themostati ya Mheshimiwa Isaiah

Wakulima wote wa chai wanatangaziwa kwamba, kuanzia leo, lori lao halitachemka tena. Kuchemka kumepigwa marufuku.

Tangazo hilo alilisoma Isaiah mwenyewe, mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Joto la Lori, pale kituoni wanapouzia majani. Uchaguzi ulikuwa kesho. Wiki nzima lori lilikuwa likichemka mlimani, majani yakiungulia ndani ya magunia, na watu walikuwa wameanza kumwamkia kwa mdomo wa pembeni. Majani ya leo yasipofika kiwandani yakiwa mabichi, kiti hana.

Lakini Isaiah si mtu wa kubahatisha. Themostati, kile kidude kinachofungulia maji yaende kwa rejeta injini ikipata moto, alikwenda kuinunua mwenyewe Kapsoit.

"Lori lenu linataka ya digrii themanini na mbili, mzee," alisema Beverly, mwenye duka la spea.

"Iliyo juu kabisa ni ya ngapi?"

"Tisini na tano. Itaingia, lakini itachelewa kufunguka. Utapata injini imeshaiva."

Isaiah akamwonea huruma. Tangu lini mtu akamwacha wa tisini na tano akamchukua wa themanini na mbili?

"Nipe hiyo imepita mtihani."

Kuifunga nako kulihitaji uongozi. Amolo, fundi wa lori, alitaka spring iangalie injini.

"Iangalie mbele," Isaiah aliamuru. "Sisi hatuangalii nyuma."

"Mheshimiwa, upande huo ndio unasikia moto. Ukiugeuza, utasikia baridi ya Kericho tu."

"Amolo, wewe ni wa kamati?"

"Aka! Mungu aliniepusha."

"Basi funga."

Lori likapakiwa majani, Isaiah akakaa mbele akipungia watu mkono. Katikati ya mlima, dereva Chepkurui akaguna.

"Mheshimiwa, mshale wa joto umeingia kwa nyekundu."

Isaiah akatoa picha yake ya kampeni, akaibandika juu ya mshale. Tatizo likaisha papo hapo.

Kisha injini ikakohoa, mvuke ukawafunika wote wawili. Walikaa pale juani hadi ikapoa. Walipofika kiwandani, mkaguzi alitia mkono guniani akautoa mbio. Yote yakakataliwa.

Sasa, huku kwetu majani yaliyoungua hayana mjadala: aliyeyaleta anarudi nayo kwake. Jioni wakulima wakalizunguka lori kituoni.

"Nani aliyaleta?" Mama Eddah, aliyekuwa akigombea kiti kile kile, aliuliza, mpole kabisa.

"Si huyo alikaa mbele?" wakajibu wengine.

Wakayashusha kwake, mbele ya mlango. Isaiah alikuwa amejifungia ndani kwa hasira za kikatiba, akiwaandalia onyo kali.

Asubuhi Mama Eddah alichaguliwa bila kupingwa. Mpinzani wake alikuwa akisukuma mlango unaofungukia nje, na mlango haukumtambua.

"Tecla! Ondoa haya majani, nachelewa!"

Mkewe, aliyelala jiko la nje na sasa alikuwa akitoka kukamua, alitazama rundo lile likifuka moshi, akaketi juu ya ndoo.

"Tulia, mheshimiwa. Ngoja yapoe kwanza."