Tiketi Kumi za Mama Nelba

Jumatatu, 4 Machi
Nimetajirika! Pesa tu ndizo hazijafika. Nimenunua tiketi kumi za onyesho la Mama Nelba, malkia wa muziki wa kumbia, Jumamosi hii uwanjani. Nimelipa soli 80 kwa kila moja. Nitazilangua kwa 250. Mtaji ni akiba ya mke wangu Hermelinda ya kununulia mashine ya kufulia. Hajui. Fortunato, mwenye kibanda cha fotokopi ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni yangu, kanunua mbili. Mbili! Nilimhurumia.

Jumanne, 5 Machi
Tiketi zimekwisha Lima nzima. Nesi mmoja kaja saluni akitaka mbili, yuko tayari kutoa 180 kwa kila moja. Nikamwambia arudi Ijumaa, bei itakuwa imepaa. Akavuka barabara. Fortunato akamuuzia zake papo hapo. Mjinga yule, hajui biashara.

Jumatano, 6 Machi
Msiba! Mama Nelba katangaza onyesho la pili, Jumapili. Eti anawapenda mno mashabiki wake. Kwa nini awapende kiasi hicho? Bei imeporomoka hadi 90. Fortunato akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Uza, Eleuterio! Uza kaka, bado mapema!" Nikamjibu kwamba mwanamume hauzi kwa hofu.

Ijumaa, 8 Machi
Bei 50. Nesi hakurudi. Hermelinda kauliza mashine inaletwa lini. Nikasema iko njiani. Mikono yake imechubuka kwa sabuni. Nikatazama pembeni.

Jumamosi, 9 Machi
Saa tisa alasiri, langoni. Walanguzi tele, wanunuzi hakuna. Nikauza tatu, 20 kila moja. Nilikaribia kulia. Mara sauti nyuma yangu: "Kumbe mashine yangu ndiyo hii?"

Hermelinda! Na mama yake! Na dada zake wote watano! Fortunato kamwaga siri yote. Nikaanza kueleza jinsi soko lilivyonigeuka. Akanyoosha kiganja.

"Lete zote."

Wakaingia wote saba. Mimi nikabaki nje bila tiketi, mtu niliyekuwa na kumi! Nikasikiliza kumbia nimeegemea ukuta. Wimbo wa tatu nikajikuta nacheza peke yangu. Polisi akaniondoa pale.

Jumapili, 10 Machi
Nimefua mashuka kumi na mawili kwa mikono. Mama mkwe kaketi kando akinionyesha madoa. Hermelinda hasemi nami. Anamsimulia mama yake kwa sauti kubwa jinsi walivyocheza, ili nisikie. Viganja vinawaka moto.

Katikati ya povu nikaliona kosa langu. Tiketi kumi ni chache mno! Mwenye arobaini ndiye anayepanga bei. Juni inakuja bendi ya roki kutoka Ajentina. Onyesho moja tu, wameapa.

Nimeshapata mnunuzi wa kiti cha saluni. Wateja watanyolewa wamesimama.