Risasi za Rangi ya Kucha

Mwenye nyumba za kupangisha alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, povu shingoni, akilaani upepo.

"Nalenga ngiri, risasi inaishia kichakani! Shemeji yangu ananicheka mpaka machozi."

Kasuku, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akakunja gazeti. Tajiri anayelaumu upepo badala ya jicho lake! Huyo hakuwa mteja, alikuwa zawadi.

"Pole sana, mzee wangu. Kumbe hakuna aliyekwambia kuhusu risasi zenye dawa?"

"Dawa gani?"

"Ya kukata upepo. Ila haziuzwi kwa kila mtu."

Hapo ndipo mzee alipozitaka. Watu wa aina yake ndivyo walivyo: mwambie kitu ni cha wachache, atakuvulia hadi shati. Akampa Kasuku fedha na kibali chake cha silaha, kisha akarudi kunyolewa kwa raha.

Kasuku akapanda pikipiki yake nyekundu, aliyoipenda kuliko mkewe, jambo ambalo mke alishaligundua na kurudi kwao. Akafika duka la silaha.

"Mama, nipe risasi za bunduki iliyoandikwa kwenye kibali hiki. Zile zilizokudodea."

Mama mwenye duka akashusha boksi lenye vumbi. "Hizi ni ndefu, nzito. Watu wanazikimbia kwa sababu zinaumiza bega. Lakini kwenye upepo..."

"Mama, sikuja darasani."

"Nilitaka kukwambia tu kwamba..."

"We funga mzigo!"

Jaliwa ulimi, nyimwa masikio. Palepale kaunta akatoa chupa ya rangi ya kucha, akaanza kuzipaka ncha za risasi wekundu, huku akimsimulia mama mchezo mzima kwa kicheko. Kesho wakienda kuwinda kilimani, mzee angekosa hata kilima chenyewe.

"Akikosa utamwambiaje?"

"Kwamba hakutikisa boksi kwanza!"

Mama akainua risasi moja, akaipima kiganjani. "Mimi naona atapiga."

"Thubutu! Naweka pikipiki yangu."

"Na mimi gari langu. Funguo zote, zako na zangu, zikae hapa kaunta."

Kasuku nusura ambusu mkono. Masikini mama wa watu, alijisemea, anapoteza gari hivihivi.

Kesho yake alikwenda kilimani kwa gari la mzee. Upepo ulikuwa unavua watu kofia. Mzee akajilaza nyuma ya jiwe, akatikisa boksi kwa heshima zote, akafyatua. Ngiri akaanguka.

"Dawa! Dawa kweli!" Mzee aliruka huku ameshika bega. Kasuku akamtazama ngiri, akaiona pikipiki yake ikienda.

Walipofika dukani, mama alikuwa na funguo zote kiganjani.

"Risasi nzito haisukumwi ovyo na upepo," alimnong'oneza Kasuku. "Nilikuwa nakwambia, ukanikatiza."

Kasuku alitaka kujibu, lakini mzee akampiga kikumbo kufika kaunta.

"Mama, nataka maboksi yote! Lakini yawe ya zile zenye dawa nyekundu. Nyingine sitaki hata kuziona!"

Mama akavuta pumzi, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetoa siri ya serikali.

"Zipo, mzee wangu. Ila haziuzwi kwa kila mtu."

Kisha akamnyooshea Kasuku mkono.

"Na wewe, kabla hujaanza kutembea, niachie hiyo chupa."