Kidonge Kinachosubiri Alfajiri

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kasema presha yangu hupanda alfajiri, kabla sijaamka. Kanipa kidonge cha kumeza wakati wa kulala. Eti kinakaa tumboni kimya, kinaanza kazi kunapokaribia kucha. Nikauliza kinangoja nini. Akasema kimetengenezwa hivyo. Jibu la mtu anayeficha kitu. Na muuza dawa ni nani? Shemeji, kaka yake mama watoto. Na mama watoto ndiye anayeniletea kitandani, glasi mkononi, anasimama hadi nimeze. Mapenzi ya namna hii yameanza lini?

Jumanne, 5 Machi
Nimeamka salama. Hilo nalo linatia shaka. Kazini, stoo ya vipuri, tunagombea ukuu wa stoo, mimi na mwenzangu Mrefu. Leo Mrefu kaniuliza kama nalala vizuri. Kajuaje? Jioni nimemfuata hadi dukani kwa shemeji. Wamecheka pamoja. Katoka na dawa ya kikohozi. Sijamsikia akikohoa.

Jumatano, 6 Machi
Nimeng'amua! Wanataka nguvu ya dawa iishie usingizini, mchana nibaki mtupu. Na kesho ni usaili mbele ya bosi. Kidonge cha leo nimekibana shavuni, mama watoto alipogeuka nikakitema. Asubuhi nakipasua, chembechembe zake nazisaga, zote kwenye chai. Zisipate nafasi ya kusubiri.

Alhamisi, 7 Machi
Chai ilikuwa chungu. Bosi aliponiuliza ningeipanga vipi stoo, miguu ikawa si yangu. Nikaomba ruhusa ya kulala chini, nikalala kabla hajajibu. Mrefu ndiye aliyenibeba hadi kwa shemeji. Shemeji akapima presha, imeshuka vibaya, uso ukambadilika, akampigia daktari. Mama watoto alifika mbio, kavaa viatu visivyofanana. Nilipomweleza nilichofanya, aliketi chini kando yangu.

"Ungekufa, baba watoto, ningewaambia nini wanao? Kwamba uliniogopa mimi?"

Machozi yake yalikuwa ya kweli. Niliyatazama kwa karibu.

Ijumaa, 8 Machi
Ukuu kapewa Mrefu. Kanitumia salamu za pole. Daktari kanibadilishia dawa: kidonge cha kawaida, hakingoji kitu, nimeze asubuhi na chai. Ndicho nilichotaka tangu mwanzo. Lakini wamekubali upesi mno. Shemeji hakubisha. Mama watoto hata hasimami kunitazama nikimeza.

Cha leo nimekitia mfukoni. Asubuhi hawanipati. Nitakimeza usiku.