Mama Mkwe Hasogei

Jumapili, 6 Septemba

Nimeoa! Yaani, karibu. Limebaki jiwe moja tu.

Baada ya misa nilivuka bonde hadi kijiji cha Kfar Tuna. Nikanywa kahawa ya Mzee Abu Faris vikombe vitatu, kisha nikamwomba binti yake, Rujina. Mzee hakukataa! Alisema tu kwamba kijana wa nje akitaka binti wa Kfar Tuna, sharti kwanza amsogeze Mama Mkwe. Shubiri moja, mbele ya kijiji kizima, Sikukuu ya Msalaba, kabla moto wa sikukuu haujawashwa. Sikukuu ni Jumatatu, tarehe 14.

Mama Mkwe ni jiwe la zamani la kukamulia zeituni. Limekaa pale kwenye uwanja wa kupuria ngano, kubwa kama kondoo wawili waliolala. Kamba marufuku. Mtaimbo marufuku. Mwili wako na Mungu wako.

Kuna jambo jingine, dogo. Tannus, mchoma makaa wa kijiji cha juu, naye amemwomba Rujina. Atajaribu siku hiyohiyo. Mikono yake ni minene kuliko mapaja yangu. Sijali. Mimi nina akili.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimekwenda kumpima Mama Mkwe mchana, watu wamelala.

Nikamsukuma kwa kidole. Kimya. Kwa mkono. Kimya. Kwa bega, kwa mgongo, kwa kichwa! Kimya vilevile. Nikaketi chini kupumua, na hapo nikashikwa na kitu kama woga. Nikisukuma kidogo, jiwe linanirudishia kidogo. Nikisukuma kwa nguvu zangu zote, linanirudishia zote. Halizidishi hata chembe, maana likizidisha ningetupwa nyuma. Limejuaje kipimo changu? Halina macho. Halina masikio. Limekaa tu, na katika kukaa kwake linafanya kazi sawasawa na mimi ninayetoka jasho! Nimekwenda kanisani tangu utotoni na sijawahi kustaajabu hivi. Nikavua kofia.

Kumbe Rujina alikuwa juu ya paa akianika kishki, ngano iliyokandwa na maziwa ya mgando. Akaniuliza kama Mama Mkwe amenikaribisha kahawa. Nikasema tulikuwa tunafahamiana. Akasema, “Basi mwombe vizuri, Nakhle, maana kwa bega hilo atakuzika.” Akacheka mpaka akaketi kwenye kishki.

Nampenda. Nimeandika, na sifuti.

Jumatano, 9 Septemba

Siku ya ugunduzi!

Mama aliniamuru nisogeze sanduku la unga afagie nyuma yake. Halikutaka. Nikasukuma, nikasukuma, na ghafla likakubali, likaenda jepesi hivi mpaka nikagonga ukuta kwa paji la uso. Nikalala pale sakafuni nikitabasamu. Ugumu wote uko mwanzoni! Kitu kilichotulia kimeng'ang'ania mahali pake, lakini kikishaanza safari kinalegea. Mama akauliza kama nimeumia ubongo.

Mpango wa kwanza, basi: Tannus atangulie, amwamshe Mama Mkwe, amtikise kidogo, achoke. Kisha mimi nimalizie.

Nilipoinuka nikakanyaga kipande cha sabuni, nikaanguka tena. Mpango wa pili! Desturi imekataza kamba na mtaimbo. Hakuna aliyetaja sabuni.

Mama amechemsha sabuni ya zeituni ya kututosha hadi masika, ameipanga darini kama matofali. Aliponikuta naishusha kikapu kizima akataka kujua kuna nini. Nikasema ni mambo ya akili. Akasema akili nyingi huondoa maarifa, na sabuni pia.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimepaka. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Sabuni inatakiwa kuwa chini ya jiwe, na chini ya jiwe kuna jiwe.

Rujina tena, na mtungi wa maji kichwani. Huyu binti hana usingizi wa mchana? Akatazama, akafikiri, akasema, “Ili uiweke chini yake lazima umsogeze. Na kama unaweza kumsogeza, sabuni ya nini?” Nikamwambia mambo haya yana hatua zake. Nikamwomba mtungi. Nikakwangua sabuni, nikaikoroga kwenye maji, nikaimwaga taratibu pembeni mwa jiwe. Ikanywewa chini yake yote! Iliyobaki nikaisugua kwenye uwanja pande zote, kwa usalama zaidi.

Rujina aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Akauliza mimi nitasimama wapi. Nikasema nitasimama nyuma ya jiwe, kwani msukumaji husimama wapi? Akabeba mtungi wake akaenda.

Jumamosi, 12 Septemba

Siwezi kula. Rujina alinisimamisha njiani, na leo hakucheka.

Alisema baba yake amechoka kungoja. Nikishindwa mimi na Tannus akaweza, Tannus atapewa. Tannus si mtu mbaya, alisema, lakini amemtembelea mara nne na mara zote wamezungumza habari za makaa. Mimi humchekesha, na nyumba yao haijasikia kicheko tangu mama yake afariki. Kisha akasema, “Nakusihi, tia majivu mahali utakaposimama. Majivu, Nakhle.” Nikamwambia asiogope, nimeshafikiria yote. Akatazama juu mbinguni.

Maskini, ana wasiwasi. Majivu! Nipake sabuni nzuri hivi kisha niichafue?

Nikishindwa, nitaisikia sauti yake ng'ambo ya bonde kila mavuno, na haitakuwa yangu.

Jumatatu, 14 Septemba. Sikukuu ya Msalaba

Mungu wangu. Niandike kwa utaratibu.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni tangu asubuhi, uwanja ukalowa. Vizuri, nikasema moyoni, sabuni itaamka. Kijiji kizima kilikuwepo, kuni za moto zimerundikwa upande wa chini. Tannus alikuja amevaa shati jeupe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mpango wa kwanza na wa pili haiivi chungu kimoja. Tannus akitangulia, sabuni ya mama yangu itamsogezea yeye jiwe! Nikapiga kelele kwamba natangulia mimi. Tannus akainama kwa adabu, akasema, “Tangulia, mdogo wangu, umpashe joto.”

Nikaweka mabega. Nikamwomba Bikira. Nikasukuma.

Mama Mkwe hakusogea. Nilisogea mimi! Miguu ilirudi nyuma kama ya mtu anayepanda ngazi inayoteremka. Nikasukuma zaidi, nikaenda zaidi. Mwisho uwanja ukaniachia kabisa, nikateleza kifudifudi hadi kwenye kuni, povu mpaka masikioni. Hata katika kuteleza nilistaajabu: kumbe siku zote nilizosukuma vitu, ardhi ilikuwa imenishika miguu, nami sijawahi kuishukuru!

Tannus akacheka, akaja, akasukuma. Yeye alianguka kwa magoti, kisha kwa kidevu, kisha akapita kando yangu akiteleza chali. Bibi mmoja alicheka mpaka wakampa kikombe cha araki, pombe ya zabibu, atulie.

Abu Faris akanyanyua mkono, akatangaza kwamba hakuna mkwe mwaka huu. Kicheko kikakatika. Nilimwona Rujina. Uso wake ulikuwa umekunjika kama wa mtoto anayejizuia kulia, na mimi nikatamani kuni ziwashwe nikiwa ndani.

Akaingia nyumbani. Akatoka na karai la majivu ya tanuri. Akayamwaga nyuma ya jiwe, palepale nilipokuwa nimesimama, akayakanyaga kwa visigino. Baba yake akamwuliza anafanya nini, akamkumbusha kwamba desturi ni ya mwanamume anayeposa. Akajibu, “Baba, desturi inasema anayetaka mtu wa kijiji kingine amsogeze Mama Mkwe. Mimi namtaka mtu wa kijiji kingine. Yule pale, mwenye povu.”

Padri akakohoa, akasema haoni kosa.

Rujina akageuza mgongo, akauegemeza kwenye jiwe, akakita miguu kwenye majivu. Mishipa ikamtoka shingoni. Jiwe likakataa. Likakataa. Kisha ikatoka sauti ya chini, nzito, kama ya mzee anayeinuka kitini, na Mama Mkwe akaenda! Shubiri, kisha shubiri nyingine, kwa wepesi uliomwangusha Rujina chali.

Tulisogea kutazama. Pale lilipokuwa jiwe palikuwa na mwamba mweupe kabisa, safi, ambao hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuuona, na mdudu mmoja mweusi akiduwaa kwenye mwanga. Mzee Abu Faris akapiga ishara ya msalaba. Nami nikapiga. Nililia, na sabuni haikusaidia macho.

Ndipo wakawasha moto, na milimani kote mioto ikajibu.

Jumanne, 15 Septemba

Abu Faris amekubali! Sharti moja dogo. Pale alipo sasa, Mama Mkwe amefunga njia ya ng'ombe wa kupuria. Bwana harusi amrudishe mahali pake baada ya mavuno ya zabibu, peke yake, mbele ya kijiji. Akishindwa, hakuna harusi.

Rujina amenipa gunia la majivu. Amesema mara tatu, amenishika masikio yote mawili: “Chini ya miguu, Nakhle. Ya miguu yako.” Nimeahidi. Gunia nimempa Mama asugulie masufuria, naye amefurahi sana, ingawa hajanisamehe ile sabuni.

Maana nimeyafikiria yote usiku kucha. Majivu yalikuwa madoido ya Rujina tu. Iliyofanya kazi ni sabuni. Kosa langu lilikuwa moja: sikuteleza vya kutosha. Safari hii nitatumia samli. Mama anasema haipo, lakini najua anapoificha.