Siku Niliyoitafsiri Chai Mpaka Shimoni

Sikilizeni, ndugu zangu mliobaki Kano kwetu ziwani, maana habari hii itawafikia hata nikinyamaza. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka kwa Kichina na kwa Kiingereza, mchana, mbele ya kiwanda kizima.

Nianze taratibu ili asipotee mtu. Hapa Kericho, kwenye kiwanda chetu cha chai, yuko mzee Mchina aitwaye Fundi Lin. Bwana Mkubwa, yaani meneja, alikuja naye kutoka mashamba ya ng'ambo alikofanya kazi zamani. Kazi yake ni kuonja chai. Kiswahili chake chote ni "lete", "moto" na "hapana". Kwa hiyo anatafutiwa mkalimani, na mkalimani atapewa nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Mimi nalala kibanda kimoja na wanaume wenzangu. Mke wangu Adhiambo yuko kwa mama, anangoja nipate mlango wa kumfungulia. Sasa mnajua niliitaka kazi hiyo kiasi gani.

Kichina nilijifunzia darini, tunakotandaza majani mabichi ili yanyauke. Nilifuata kidole cha Fundi Lin na kutega sikio. Jani limeungua, anasema "hwai". Saa yake imesimama, "hwai". Mpishi ameiba sukari, "hwai" vilevile. Nikaelewa: ni kitu kilichoharibika, hata kama kilichoharibika ni mtu. Kwa Kiingereza nikaweka "bad". Jirani aliyempiga mkewe kwa rungu aliitwa "e". Hiyo ni nzito zaidi, ni ubaya wa moyo, nikaweka "wicked". Mtu mmoja alifukia kucha za kuku mlangoni pa mwenzake. Fundi akanong'ona "shie", ubaya wa njia zilizopinda, nikaweka "evil". Na nyoka ni "du", yaani sumu, ila hata mdomo wa mtu unaweza kuwa "du". Majani yakiwa mazuri alipita kimya, nasi tukashukuru.

(Mimi ndiye ninayefundisha kusoma kambini kila Jumapili, kwa hiyo wenzangu nao niliwafundisha. Wakawa wanatukanana Kichina kuanzia jikoni hadi kisimani.)

Leo ikawa siku ya kujaribiwa. Vikombe vyeupe vimepangwa mezani. Bwana Mkubwa upande huu, Fundi Lin upande ule, mimi katikati nimevaa kanzu ya kuazima. Fundi anavuta chai kwa kelele, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo. Kiplangat wa Sigowet, aliyeleta birika, akanigusa bega.

"Mwalimu, huyu mzee amebariki chai. Umeona mate?"

Kwao Wakipsigis mzee akikutemea mate amekutakia heri. (Kwetu ziwani pia, lakini mimi nilikuwa mkalimani.)

"Kaa kimya, Kiplangat. Hapa kutema ni kazi tu."

Kikombe cha kwanza Fundi akasema "hwai". Nikasema, "Bad, sir." Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Tayari niliona mabati yaking'aa.

Kisha ikaja chai mpya, ile iliyojaa kwenye masanduku pale ukutani. Fundi akavuta, akatema, akafumba macho. "Hen hao," akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia. Uso wake haukunisaidia (uso wa Fundi Lin haubadiliki hata ukimkanyaga). Nikafikiri hivi: kila neno alilonifundisha ni la ubaya. Basi hili ni ubaya ambao bado hatujaufikia.

"Yeye nasema nini?" akauliza Bwana Mkubwa.

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilimwona Adhiambo amesimama mlangoni pa nyumba ya mabati. Nikachagua neno zito kuliko yote niliyoyakuta kwenye Biblia ya misheni, lile la machukizo.

"Abominable, sir."

Bwana Mkubwa alikuwa amekwisha kumeza yake. Akaweka kikombe chini polepole.

"Yote?"

"Yote, bwana."

"Peleka shimo."

Vijana wakabeba masanduku kuelekea shimo la taka. Fundi Lin alidhani yanakwenda stesheni. Akayafuata, akalipapasa la kwanza kama ndama. "Hao, hao."

Bwana Mkubwa akanitazama.

"Anarudia, bwana," nikasema. "Anasisitiza."

Sanduku la kwanza likamwagwa. Fundi Lin akaruka shimoni na viatu vyake, akaikumbatia chai kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akaninyooshea kidole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapiga kelele. Hwai. E. Shie. Du, tena du.

"Na sasa nasema nini?"

Hapo nilielewa kila neno. Nilisimama wima, nikatafsiri bila kukosea: "Bad, sir. Wicked. Evil. Poison."

"Hii chai?"

"Hapana, bwana. Mimi."

Watu wote walikuwa wanacheka tayari. Wanafunzi wangu hawakuhitaji mkalimani.

"Mimi nilisema mate ni baraka," Kiplangat akawaambia. "Nikaambiwa nikae kimya."

Bwana Mkubwa alichota chai shimoni, akaagiza maji ya moto, akanywa mpaka mwisho. "Rudi juu," akaniambia. "Nyumba nangoja mpaka wewe najua jina ya kitu mzuri."

Jioni Fundi Lin alipanda darini, suruali bado ina vumbi la chai, mkononi kikombe. Akanipa. Nikanywa. "Hao," akasema. "Hao," nikasema. Akanifanya nilirudie tena na tena mpaka akaridhika, yaani mpaka akanyamaza.

Adhiambo msimwambie nyumba imepotea, mwambieni imechelewa. Tena msicheke mbele yake. Na wewe unayetaka kujifunza lugha ya mtu, anza hivi: mpe kitu kitamu, ngoja ale, kisha sikiliza neno atakalosema.