Eda ya Bi Atija na Vidonge vya Rangi Mbili

Boti la mashine lilikuwa limeshaipa Palma kisogo, na Mussagy bado amesimama kwenye maji mpaka magotini, anapunga kofia kama mtu anayeagana na baba yake mzazi. Ndani ya boti, juu ya magunia ya chumvi, alikaa Nazir, mchuuzi wa samaki wakavu. Alikuwa anakwenda Quiterajo kuonana na mnunuzi wa majongoo bahari anayelipa bila kuuliza uzito.

“Mwambie umetumwa na mimi!” Mussagy alipiga kelele.

“Jina lake nani?”

Injini ikajibu kwa niaba yake. Mnunuzi hakuwa na jina kwa sababu hakuwepo.

Kazi ya Mussagy ilikuwa ndiyo hiyo, kuuza visivyokuwepo. Mwaka uliopita aliwauzia vijana nafasi kwenye foleni ya kazi za gesi. Walipofika mbele waligundua ni foleni ya mchele wa msaada, nao wakauchukua mchele, kwa hiyo hakuna aliyemshtaki. Lakini miaka arobaini na saba ilikuwa imeanza kumkaa magotini. Kila mji wa pwani ile alikuwa ameshautoroka walau mara moja. Sasa alitaka mahali pa kukaa, na mahali penyewe alikuwa ameshapaona: nyumbani kwa Bi Atija.

Bi Atija aliuza barafu kwa wavuvi. Alikuwa na friza nne, jenereta isiyokohoa, na nyumba iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa mumewe, Nazir. Nazir alimpa talaka ya kwanza, akamrejea siku ya mwisho ya eda, mkononi kashika ndoo ya samaki wa kuparuliwa. Sasa alikuwa amempa ya pili. Na talaka ya pili nayo humwachia mume mlango: eda ikiwa haijaisha, anamrejea mke bila posa, bila mahari, bila hata kumuuliza hali.

Kwa kuwa damu ya mwezi ya Bi Atija ilikatika tangu mfungo uliopita, shehe Aly alimwambia ahesabu miezi mitatu. Nusu ilishapita. Nazir akihangaika huko Quiterajo mpaka nusu ya pili iishe, Atija atakuwa huru, na Mussagy atakuwa wa kwanza mlangoni.

Mwanamke wa eda haposwi, hata kwa fumbo. Basi Mussagy akawa ananunua barafu.

“Bwana Mussagy,” alisema Bi Atija dirishani, “jana umechukua mabonge mawili, leo matatu. Hao samaki wako wako wapi?”

“Wako njiani, Bi Atija.”

“Wanakuja kwa miguu?”

Akacheka peke yake, kisha uso ukamwiva ghafla na jasho likamtiririka. Alichukua kipande cha barafu akajibandika shingoni.

“Joto hili, ndugu yangu. Linatoka kifuani linapanda kama mtu kafunua tanuri. Nauza barafu mchana, usiku nalowesha shuka. Nimekwenda kwa enfermeira Judite, nesi wa zahanati. Kanipima presha, kaniuliza kama damu yangu iliwahi kuganda, kaniuliza habari za matiti, ndipo akaniandikia vidonge. Hapa havipo. Mtwara vipo.” Akasukuma cheti cha dawa dirishani. “Vya rangi mbili. Usije ukaniletea vya rangi moja.”

Mussagy alikipokea kwa mikono miwili, kama mahari inayokwenda upande usio wake.

Alivuka mpaka wa Namoto kesho yake. Itajwe kwa heshima inayostahili kwamba njia nzima vidole vilimwasha. Vidonge vya chokaa alijua kuvitengeneza, na rangi angepata kwenye sharubati. Lakini hauziwi chokaa mwanamke ambaye friza zake utazirithi. Akaingia duka la dawa, akanunua vya kweli, akaondoka na risiti. Hiyo risiti aliitazama mara nyingi, maana hakuwahi kuwa nayo hata moja.

“Ndani mna homoni mbili,” mwenye duka alimweleza. “Moja inapoza joto, ya pili inalinda kizazi. Ataanza na vyeupe, kisha hivi vya kijivu, kimoja kila siku, asiruke. Na karatasi ya vidonge ikifika mwisho…”

“Asiruke,” Mussagy aliitikia, akili yake iko kwenye friza ya tatu, ile yenye mlango wa kioo.

Vidonge vikafanya kazi. Wiki baada ya wiki joto likapungua, Bi Atija akalala usiku, akanenepa kidogo mashavuni. Mussagy alianza kutembea kama mtu mwenye jenereta.

Zilipobaki siku chache alikwenda dirishani amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

“Bi Atija, bado kidogo.”

“Bado sana. Damu imerudi.”

“Imerudi kutoka wapi?”

“Kamuulize shehe.”

Shehe Aly alikuwa anakata kucha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

“Miezi imefutika,” alisema. “Aliyeona damu anahesabu kwa damu. Aanze upya, twahara tatu, vipindi vitatu vya usafi.”

“Shehe, lakini hiyo ni ya vidonge tu!”

Kikata kucha kikasimama. “Na wewe umejuaje mwanamke wa watu anakunywa vidonge?”

Mussagy akakumbuka ana safari.

Wiki mbili baadaye Nazir akarudi, pua imebabuka kwa jua. “Nimemtafuta huyo mtu wako mpaka watoto wa Quiterajo wakanitungia wimbo,” alimwambia Mussagy barazani kwa muuza kahawa. “Nilijua nimeshampoteza mke. Kufika hapa naambiwa eda ndiyo kwanza inaanza! Mungu hanitupi. Nitamrejea, tena sina haraka.”

Usiku ule Mussagy hakulala, na hakuwa na kidonge cha kumsaidia. Asubuhi yuko dirishani.

“Namjua Nazir,” Bi Atija alisema, anafunga barafu kwenye gunia. “Atangoja siku ya mwisho aje na ndoo. Isipokuwa atamke talaka ya tatu. Ya tatu haina kurudi. Ila Nazir hajawahi kutamka kitu bure.” Akatazama nje. “Hiyo pikipiki yako anaisifu sana.”

Pikipiki ndiyo mali pekee ambayo Mussagy aliinunua kwa pesa yake. Jioni akaikokota kwa Nazir: pikipiki kwa talaka ya tatu.

“Ina karatasi?” Nazir aliuliza.

“Ina.”

“Za kweli?”

“Nazir, unanivunjia heshima.”

Mbele ya shehe Aly na mashahidi, Nazir akatamka ya tatu, sauti kavu, huku anapapasa ufunguo. Aliondoka akipiga honi.

Mussagy akangoja. Alinunua barafu mvua zilipoanza, akanunua zilipokwisha, maana juu ya damu yake neno la mwanamke ndilo linalosadikiwa, na kila akiuliza jibu lilikuwa “bado.” Siku Atija aliposema imekwisha, alikuja na kanzu ileile.

“Mimi nimeolewa mara mbili na mtu mmoja,” Bi Atija alimwambia. “Inatosha.”

“Bi Atija! Dawa nilileta mimi!”

“Na uliileta vizuri. Judite alinionyesha za aina mbili. Hizi za rangi mbili, akasema, karatasi ikiisha zinarudisha damu kidogo. Zile za rangi moja kwa kawaida hazirudishi. Nikachagua: miezi hata Nazir anaihesabu, damu naihesabu mimi, nikapata muda.” Akamsukumia bonge moja. “Nilihitaji mtu wa kumnunua Nazir, nami sikutaka pesa yangu ipotee. Chukua, hii ya bure.”

Nazir alioa huko Macomia na anaendesha pikipiki. Shehe Aly siku hizi, kabla ya kuhesabia mtu eda, huuliza kwanza kama kuna vidonge. Judite amemhamishia Bi Atija kwenye vile vya rangi moja, humpima presha kila akija, na joto halijarudi. Friza ya tano imefika. Wanawake wa Palma walisikia kwamba Mussagy huleta dawa za kweli, wakawa wanampa vyeti vyao. Anavuka Namoto kwa miguu, anarudi na risiti, na faida yake ni ndogo. Akisikia joto hununua barafu kwa bei ya watu wote.