Getzeli Amenisamehe, Balaa Gani Hili!

Jumatatu, 3 Oktoba 1927
Keshokutwa jioni tunaanza mfungo wa Siku ya Upatanisho. Na Mungu hafuti kosa la jirani mpaka jirani mwenyewe asamehe. Mimi nimeutangazia mji mzima wa Soroka kwamba kofia anazoshona jirani yangu Getzeli zina chawa. Nimwangukie miguuni? Mimi? Lakini Rabi kasema: ukiomba radhi mara tatu mbele ya mashahidi na ukakataliwa, dhambi inamhamia aliyekataa. Loo! Basi nimwombe akiwa na hasira.

Nimemvamia kwa mng'oa meno, koleo limo mdomoni mwake. Getzeli, nisamehe! Akanguruma. Moja!

Jumanne, 4 Oktoba
Kwenye bafu la mji. Nimemkanyaga kidole kwanza, kisha nikaomba radhi. Akaniambia nitoke hapo, mbwa koko mimi! Mbili! Kinyozi kashuhudia. Pesya, mke wangu, anauliza nimekunywa nini, mbona nacheka peke yangu.

Jumatano, 5 Oktoba
Mlangoni mwa sinagogi, jua halijazama, watu wamevaa nyeupe. Nikamdondoshea nta ya mshumaa kwenye kanzu mpya. Jirani, nisamehe!

Akanikumbatia. Akalia! Eti ndugu yangu, nimekusamehe yote, na la chawa pia. Kisha kwa sauti kubwa: “Na wewe nisamehe, bwana.” Kwa lipi? Hasemi. Watu wote macho kwangu. Pesya akakohoa kule juu kwenye roshani ya wanawake. Nikasema haya, nimekusamehe.

Ndipo akaninong'oneza. Amewaambia wazee kwamba sauti yangu ni ya mbuzi mwenye mafua, kwa hiyo kesho kitabu cha Yona atasoma yeye. Heshima niliyoililia tangu nioe! Na nimeshasamehe!

Alhamisi, 6 Oktoba, nyota zimetoka
Njaa. Kiu. Kujipiga kifua. Getzeli kasoma Yona, tena vizuri, mshenzi yule. Rabi akasema juu ya kinyongo, nikahisi ananitazama mimi. Nikatubu. Kwelikweli! Nililia mpaka kinyozi akanipa leso. Nimerudi nyumbani mwepesi kama mtoto, nimekula samaki na mkate.

Sasa nasikia nyundo. Getzeli keshaanza kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda ijayo, na nguzo yake imeingia upande wangu. Upana wa kidole! Pesya anasema niache, roho yangu bado safi. Kweli. Nitaacha.

Nimeshaazima msumeno.